Sadaka Imwinuayo Mtu

Wako watu wadhanio kwamba kazi ya sadaka imekwisha pale mkono wa mtoaji ulipofunguka. Mafundisho ya Uislamu hayaishii hapo. Yanatutaka tutazame pia hali ya yule aliyepewa, baada ya mtoaji kwenda zake.

Imepokewa katika Hadithi kwamba mtu mmoja wa Madina alimwendea Mtume Muhammad s.a.w. kuomba. Mtume alimwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu. Akajibu kwamba ipo nguo moja, ambayo sehemu yake hujifunika na sehemu hutandika, na bakuli la kunywea maji. Vitu hivyo vililetwa, vikanadiwa, vikauzwa kwa dirhamu 2. Kwa dirhamu moja aliambiwa awanunulie jamaa zake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Mtume s.a.w. akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuziuza, wala asionekane kwa siku 15. Siku zilipotimia, mtu yule alirudi akiwa amepata dirhamu 10.

Tazameni hekima iliyomo humo, ndugu wapenzi. Kwanza kilinunuliwa chakula, maana njaa haingoji mafunzo. Kisha likanunuliwa shoka, ili njaa ile isirudi. Mtaji wenyewe ulitoka nyumbani kwa maskini, akajua kwamba hakuwa mtupu kama alivyodhani. Na mwisho ukawekwa muda, akarudi kutoa habari ya kazi yake; basi aliyemsaidia hakumtupa njiani.

Mfano wa mafundisho haya tunao hapa Tanzania, katika Wilaya ya Same. Milima ya Upare hupata mvua nzuri, lakini tambarare zilizo chini yake ni kavu, na mara nyingi Vuli au Masika hupita mahindi yakiwa hayajakomaa. Wapare wa zamani hawakukaa wakiitazama mbingu tu. Walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya mawe na udongo, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku, kisha asubuhi hufunguliwa yakafuata mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kwa kazi zao za shirika wana msaragambo, ambao huwatoa watu majumbani wakafanye pamoja kazi ya wote. Katika kijiji cha Bangalala, ndiva ya Manoo ilijengwa tangu zama za ukoloni.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuja wafadhili kutoka Uholanzi na mpango wa kustawisha umwagiliaji wa asili. Hekima ya mpango wa namna hii ni kwamba hauanzi kwa kubomoa. Huikuta ndiva, huuliza ni nani waigawao zamu, kisha huongeza kile ambacho wenyeji hawana, kama saruji na ufundi. Wenyeji nao hutoa mawe, mchanga na nguvu zao. Hii ndiyo dirhamu ya shoka iliyotoka nyumbani kwa mwombaji.

Upande wa mashariki wa milima hiyo hiyo, huko Ndungu, serikali ya Japani ilisaidia kujenga skimu ya mpunga ya hekta 680, iliyokamilika mwaka 1990. Ni kazi kubwa kuliko ndiva, lakini sheria yake ni ile ile. Mfereji wa saruji nao hujaa tope. Asipopatikana wa kuuzoa, zawadi ya taifa kubwa itakuwa shimo kavu. Mjenzi huja mara moja, bali mzoa tope hutakiwa kila mwaka.

Huenda mtu akauliza: Je, basi maskini aachwe ajitegemee mwenyewe? Hasha! Kurani Tukufu imeweka katika mali ya mwenye nacho haki ya mwombaji na ya yule asiyeweza kuomba. Mzee, yatima na mgonjwa wana haki hiyo maisha yao yote, na ukame ukifika kila mwenye njaa anayo. Lakini kama gunia la mahindi litakuja kila mwaka peke yake, bila jembe wala maji, tutakuwa tumewafundisha watoto kuitazama barabara badala ya shamba.

Hapa pana mtihani kwa pande zote mbili. Mtoaji hupenda kushukuriwa, naye mtu aliyekwisha kusimama hana haja ya kurudi kushukuru kila siku. Kwa hiyo wako watoaji ambao, pasipo kujijua, hupendelea maskini abaki maskini. Kurani imekataza masimango, kwa kuwa yanaiharibu sadaka. Na kumfunga mtu katika uhitaji ni simango lisilotamkwa. Mpokeaji naye huona raha ya kungoja, mpaka akasahau kwamba ana mikono.

Ewe ndugu utafutaye njia ya Mungu, ukimsaidia jirani yako, mlishe leo, kisha keti naye mhesabu alichonacho, umtilie shoka mpini, na siku ya 15 umwulize habari zake. Nawe uliyesaidiwa, panda na wenzako ukazoe tope. Mwenyezi Mungu atujalie kutoa pasipo kiburi na kupokea pasipo uvivu. Amin.