Umar (R.A.) alibadili utaratibu kwa kilio cha mtoto, waajiri Waislamu je?

 

Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (R.A.) ulikuwepo utaratibu wa Baytul-Mal kumpangia mtoto posho baada ya kuachishwa ziwa. Inasimuliwa kuwa usiku mmoja Umar, akiwa na Abdurrahman bin Auf (R.A.), alikuwa akilinda msafara wa wafanyabiashara uliopiga kambi Madina. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamtaka amtulize. Mtoto akalia tena na tena. Umar alipomlaumu yule mama, naye, bila kujua anazungumza na nani, alimweleza kuwa anamlazimisha mtoto kuacha ziwa mapema kwa sababu Khalifa hatoi posho kwa mtoto anayenyonya.

Alfajiri ile Umar aliswalisha huku watu wakishindwa kukisikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Baada ya Swala akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, na kwamba kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapangiwa posho.

Ndugu msomaji, tuzingatie hapa. Umar hakumhimiza yule mama awe na subira, wala hakumpa mawaidha juu ya ubora wa kunyonyesha. Aligundua kuwa utaratibu aliouweka yeye mwenyewe ndio uliomtoa mtoto kwenye ziwa, akaubadili.

Swali la kujiuliza ni je, sisi Waislamu tunaoajiri, utaratibu wetu unamfanya nini mama na mtoto?

Tunazo shule na madrasa zenye walimu wa kike. Tunayo maduka, mashine za kusaga na migahawa, kuanzia Magu hadi Mwanza mjini. Majumbani mwetu wapo wasichana wa kazi. Chukulia mwalimu wa kike wa madrasa ambaye hana mkataba wa maandishi. Akishika mimba, anafanya kazi mpaka uchungu unamkaribia. Akijifungua, mshahara unasimama, na akirudi anakuta nafasi yake amepewa mwingine. Ijumaa inayofuata, kwenye msikiti wa taasisi ile ile, khatibu anasimama kueleza jinsi Uislamu ulivyompa mwanamke heshima!

Sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa mtoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Akirudi kazini, anaruhusiwa kumnyonyesha mwanawe hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba naye anayo likizo ya siku zisizopungua tatu. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa tena, na mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa haki ya likizo.

Kwa Muislamu jambo hili halianzi na sheria ya Bunge. Qur'an (2:233) inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na inamuwajibisha baba kwa chakula na mavazi ya mama. Qur'an (31:14) inatukumbusha udhaifu juu ya udhaifu anaoubeba mama mjamzito. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifupisha Swala anaposikia mtoto analia, kwa kuuhurumia moyo wa mama yake aliyekuwa safuni. Ikiwa Swala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya mama, zamu ya dukani ni kitu gani hata isipunguzwe?

Wapo watakaosema kuwa biashara ni ndogo na shule haina fedha. Hoja hii isipuuzwe, lakini ipimwe. Likizo hiyo huhesabiwa katika mzunguko wa miezi 36, yaani siku 84 kati ya takriban 1,095. Mfanyakazi anatakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla, ili mwajiri apate muda wa kujipanga. Kamati ya shule inayoweza kuchangisha fedha za Maulidi au za kuezeka darasa, haishindwi kutenga kidogo kidogo kila mwezi kwa ajili ya uzazi wa walimu wake.

Kuna jambo jingine ambalo Waislamu tunajipinga wenyewe. Mke akipelekwa kujifungua, wengi wetu tunaomba ahudumiwe na mwanamke. Ombi hilo ni la haki. Lakini mkunga naye huzaa! Hatutapata wakunga na madaktari wa kike wa kutosha ikiwa binti zetu wanaachishwa masomo ya sayansi, au ikiwa kila anayejifungua anasukumwa atoke kazini. Rufaida (R.A.) alikuwa na hema la kutibia majeruhi kwenye Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Uislamu haukumficha mganga mwanamke.

Alhamdulillah, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi Tanzania vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022). Hata hivyo, 104 hao ni mama za watu. Mjamzito anayekatwa mshahara akienda kliniki ataikosa kliniki, na dalili ya hatari itaonekana wakati umekwisha kupita.

Kwa hiyo nashauri tuanze na ya kwetu. Kila taasisi ya Kiislamu iandike mikataba, na likizo ya uzazi iwemo. Siku ya kliniki isikatwe mshahara. Kitengwe chumba chenye stara cha kunyonyeshea. Msichana wa kazi za ndani naye asisahauliwe, kwani naye ni amana. Na wewe baba, chukua siku zako tatu ukae nyumbani umsaidie mkeo, siyo kijiweni.

Umar (R.A.) alilia kwa utaratibu aliouweka bila kujua madhara yake. Sisi tunayajua. Siku ya Kiyama tutajibu nini?