Mshika Mawili Huponyokwa na Lipi?

Wanaopenda kuitamka methali hii mara nyingi ni wale ambao wao wenyewe wameshika kimoja kilichojaa. Mkuu wa kitengo humwambia karani aliyefungua kibanda cha mitumba. Baba mwenye pensheni humwambia binti anayesoma huku akiuza vitenge mtandaoni. "Mshika mawili, moja humponyoka." Ikishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Aliyeambiwa hunyamaza, maana methali ya mkubwa haijibiwi ovyo.

Shuleni tulifundishwa maana yake kwa mstari mmoja: usifanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Maana hiyo ni nyepesi mno, tena haifanani na maisha ya watu walioirithisha. Mvuvi wa pwani alikuwa na minazi yake. Mkulima alifuga. Mama alilima asubuhi, akasuka ukili alasiri, na katikati ya yote hayo akalea. Watu wa namna hiyo kukataza shughuli mbili ingekuwa ni kujicheka.

Nadhani walikuwa na jambo jingine moyoni. Kinachomponyoka mtu hakikutupwa naye. Hakuketi akapima akasema, hiki nakiacha. Alidhani bado anacho, mpaka alipotazama kiganja akakuta hakipo. Uchungu wa methali uko hapo: uamuzi umeshafanyika na mwenye mkono hakushirikishwa. Yule fisi aliyeshindwa na njia mbili ni jirani yake, ila kosa lao halifanani. Fisi alikuwa hajapata kitu. Alinusa nyama huku na huku, akataka kupita kote kwa pamoja, akapasuka msamba. Alishindwa kuchagua pa kwenda. Mshika mawili tayari anavyo vyote viwili. Anachoshindwa ni kuweka kimoja chini kwa hiari yake, mahali anapopajua, mbele ya mtu anayemwamini.

Tanzania ina mfano wake mzuri. Mwanzoni mwa mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa St Francis, Pugu, na papo hapo rais wa TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague: ualimu au siasa. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na chama kilikuwa kichanga, hazina yake ya kuungaunga. Akaandika barua ya kuacha kazi. Tukio hili husimuliwa sana kama habari ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Mimi hunivutia zaidi wakati wake. Angeweza kuvuta miaka miwili mitatu, akifundisha nusu na kuongoza nusu, mpaka wanafunzi wachoke naye au chama kimchoke. Aliacha ualimu akiwa bado mwalimu mzuri.

Akarudia tena baadaye, safari hii kwa kitu kikubwa zaidi. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Januari 22, 1962, siku 44 tu baadaye, Waziri Mkuu Nyerere alijiuzulu na kumwachia nafasi Rashidi Kawawa. Chama kilikuwa kimeanza kupwaya, viongozi wake wamemezwa na maofisi ya serikali, naye akaona hawezi kukijenga upya huku akisaini majalada. Akazunguka nchi, akaandika kijitabu chake cha Ujamaa, na Desemba 9, 1962 akarejea akiwa Rais wa Jamhuri. Kawawa, katika miezi hiyo, hakukaa kama mlinzi wa kiti cha mtu. Aliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za utumishi zilizokuwa zimeshikwa na Waingereza. Kilichowekwa chini hakikuvunjika, kwa sababu kilikabidhiwa mtu mwenye uwezo, na aliyekabidhi hakubaki mlangoni akichungulia.

Nisije nikageuza historia kuwa wasifu wa marehemu. Mwaka 1985 Nyerere alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais lakini akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Wakati huo chama ndicho kilichoshika hatamu, hivyo mtu ana haki ya kuuliza ni kipi hasa kilichoachwa na ni kipi kilichobaki mkononi. Mjadala wa "kofia mbili", yaani urais na uenyekiti juu ya kichwa kimoja, umekuwa ukizuka na kuzimika nchini tangu hapo. Mwinyi alizivaa zote mbili mwaka 1990, na marais waliomfuata wakazivaa pia.

Huku chini kwenye maofisi yetu ya kawaida kofia ni ndogo ila kichwa ni kile kile. Kila mtumishi anamjua bosi anayekwenda likizo na mhuri kwenye begi. Kaimu ameteuliwa kwa barua, lakini hana ruhusa ya kuidhinisha hata posho ya dereva. Simu inapigwa kutoka kijijini: "Msifanye chochote mpaka nirudi." Huyo anajiona mchapakazi, mtu asiyeweza kukosekana. Ukweli ni kwamba ameshika likizo na ofisi pamoja, na vyote viwili vinateleza. Nyumbani yupo mwili tu. Ofisini mafaili yamelala, na kaimu wake anajifunza kwamba haaminiwi. Mwaka ujao ikitafutwa nafasi ya kupandisha mtu, bosi huyo huyo atasema hakuna aliyekomaa. Wangekomalia wapi?

Sasa swali la kichwa cha makala: kinachoponyoka huwa ni kipi? Methali inasema "moja" tu, haikitaji. Lakini anayetazama nyumba za watu wenye kazi nyingi atakuta kinajirudia. Huponyoka kile kisichopiga kelele. Ofisi ina sauti: simu, kundi la WhatsApp la idara, barua pepe ya saa nne usiku yenye neno "haraka" juu yake. Mtoto aliyengoja kusikilizwa husinzia. Mgongo huanza kuuma kidogo kidogo. Kitabu ulichokianza Januari hakikudai. Na mzazi kijijini ukimpigia baada ya miezi miwili atakuambia kwa upole, "Hamna neno mwanangu, najua majukumu ni mengi." Hiyo "hamna neno" imewapotezea watu wazazi wao kuliko ugomvi wowote. Laiti mzazi angefoka kama mkurugenzi, tungeenda kila mwezi.

Sheria imejaribu kuvipa sauti vitu hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Lakini vifungu vyake vya saa za kazi havimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ni kama sheria imemwambia kiongozi: wewe ni mtu mzima, jiwekee ukomo mwenyewe. Wengi hawajiwekei, na kwa kuwa bosi hatoki saa kumi na moja, na walio chini yake huogopa kutoka. Mkono wake uliokataa kufunguka unafunga mikono ya watu kumi na watano.

Lakini niwatetee na walioshika mawili kwa shida. Mwalimu anayefundisha tuisheni jioni, muuguzi mwenye banda la kuku, askari mwenye bodaboda ya mkataba: hawa hawakuongozwa na tamaa. Mshahara mmoja haufiki tarehe ishirini. Kumrushia mtu huyo methali hii bila kuuliza kodi ya nyumba ni shilingi ngapi ni ukatili wenye sura ya hekima. Anachoweza kufaidi kutoka kwake ni kitu kidogo na cha vitendo: mara moja kwa muda, pengine kila mwisho wa mwezi, aangalie kipi kinateleza sasa hivi, akamwambie mwenzake nyumbani kwa jina lake. "Mwezi huu nimeponyokwa na Jumapili zetu." Kilichotajwa kinaweza kudakwa. Tena wapo watakaosema mkono mmoja haulei mwana, nao wamesema kweli: wengi wanaoonekana kumudu mawili wana mikono mingine nyuma yao, ya mke, ya shangazi, ya dada wa kazi, ambayo haitajwi kwenye hotuba za shukrani.

Ipo pia hali ambayo methali haiisemei: mtu kuacha kimoja kwa hiari, kama inavyotakiwa, kisha akakosa na cha pili. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, akafundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi na kuongoza idara. Mwaka 1982 aliacha kazi hiyo ili agombee ubunge nyumbani kwao Nyeri. Akaambiwa hana sifa kwa kuwa hakujiandikisha kupiga kura katika uchaguzi wa 1979. Akarudi chuoni, chuo kikakataa kumrejesha, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Mikono yote miwili mitupu.

Kilichobaki ni kazi ya pembeni. Juni 5, 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, yeye na wenzake walikuwa wamepanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na kutoka hapo likakua Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Miaka mitano ilikuwa shughuli ya muda wa ziada, ikifanywa kati ya vipindi vya darasani. Sasa akaipa siku nzima. Jumuiya ya Misitu ya Norway ikaja kushirikiana naye, vitalu vikaongezeka, wanawake wa vijijini wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Angekuwa ametii maana ile ya shuleni, asingekuwa na mche hata mmoja wa kurudia.

Kwa hiyo kijana anayejifunza ushonaji usiku, au mhasibu anayeandika mashairi, asitishwe upesi. Nyerere mwenyewe, akiwa Ikulu, alitafsiri Shakespeare: tamthilia ya Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna aliyemdai kazi hiyo. Aliyebeba nchi alijiwekea pembe moja ambayo nchi haikuingia, na sidhani kama aliitafsiri habari ya Kaizari na marafiki zake kwa kupitisha muda tu.

Maathai naye aliingia bungeni mwishowe, mwaka 2002, akiwa mbunge wa Tetu, kisha akawa naibu waziri wa mazingira. Tuzo ya Amani ya Nobel ilimkuta humo mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kuanzia hapo alikuwa akiitwa kila pembe ya dunia. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipofika, wapiga kura wa Tetu walimchagua mtu mwingine.