Makofi ni ya Nani?

Nilipokuwa kidato cha pili nilipewa nafasi ya mfalme kwenye igizo la mahafali. Ukweli ni kwamba nafasi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, kijana ambaye akianza kusimulia jambo darasa zima linanyamaza. Kisha mwalimu akatangaza mchango wa mavazi. Mwenzangu hakuwa na hela. Baba yangu alilipa siku ileile. Basi, joho nikavaa mimi. Siku yenyewe nikasahau maneno katikati ya onyesho, na aliyeninong'oneza kutoka nyuma ya pazia alikuwa yeye. Alikuwa ameyahifadhi yote. Wazazi wakapiga makofi, nami nikainama kuyapokea.

Kwa miaka mingi nilikihesabu kisa hiki kama kichekesho cha shule. Mwaka huu kimerudi kwa sura nyingine, na kilichokirudisha ni shule moja ya sekondari kusini mwa London inayoitwa Alleyn's. Nilikuwa nataka tu kujua waigizaji wa Uingereza wanapikwa wapi. Nikaona Jude Law alisoma pale, nikaanza kusoma historia ya shule yenyewe, na nikajikuta nimekesha.

Shule ile ni matunda ya pesa ya mwigizaji. Edward Alleyn alizaliwa mwaka 1566, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni pale Bishopsgate. Akaja kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa zama za Shakespeare. Ndiye aliyesimama jukwaani kama Tamburlaine na Faustus katika tamthilia za Christopher Marlowe. Msidhani ilikuwa kazi ya heshima. Sheria ya mwaka 1572 iliwaweka waigizaji wasio na bwana wa kuwadhamini kundi moja na wazururaji. Na pesa za Alleyn hazikutoka kwenye tamthilia peke yake. Zilitoka kwenye nyumba za kupangisha, na kwenye burudani ya kuwaachia mbwa wamshambulie dubu aliyefungwa mnyororo, burudani ambayo yeye na baba mkwe wake walikuja kuwa wasimamizi wake rasmi kwa niaba ya mfalme.

Kwa utajiri huo akanunua ardhi ya Dulwich, wakati huo kijiji nje ya jiji. Mwaka 1619 akapata hati ya mfalme ya kuanzisha taasisi aliyoiita Chuo cha Zawadi ya Mungu. Walengwa walikuwa wazee maskini 12, wanaume 6 na wanawake 6, pamoja na watoto maskini 12. Baadhi ya watoto hao walitakiwa watoke parokia ya Bishopsgate, kulekule alikozaliwa.

Watu wakamtungia hadithi. Wakasema siku moja, akiigiza Faustus anayeuza roho yake kwa shetani, alimwona shetani wa kweli jukwaani, akashtuka, akatubu, akagawa mali. Hadithi tamu, na inaeleweka kwa nini imedumu: sote tunapenda kuamini kwamba tajiri hatoi mpaka aogope. Mimi naona maelezo mengine yanatosha. Mtoto wa nyumba ya wageni alikuwa amepata jukwaa, jukwaa likampa kila kitu, na Bishopsgate alikuwa amewaacha watoto wengine.

Sasa tuangalie urithi ule ulivyosafiri. Mwaka 1857 Bunge liliivunja taasisi ya zamani na kuipanga upya. Mwaka 1882 ikagawanyika: shule ya juu ikawa Dulwich College, ya chini ikawa Alleyn's. Mwandishi V. S. Pritchett alipita Alleyn's, mtoto wa baba aliyeandamwa na madeni, akatolewa shule mapema kwenda kufanya kazi kwenye biashara ya ngozi. Kuna kipindi kirefu katika karne ya 20 ambapo watoto wengi wa pale walisoma kwa kulipiwa na fedha za umma. Miaka ya 1970 serikali ilipofuta mfumo huo, shule ikabaki kuwa ya kulipia. Leo ada ni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka. Kwa haki, shule ina ufadhili kwa baadhi ya wanafunzi. Lakini tusidanganyane, mtoto wa kawaida wa London anaiona kwa nje.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Kijana anayeigiza vizuri katika ukumbi mzuri, mwenye mwalimu wa kumfundisha kupumua na fundi wa kumwekea taa, makofi anayopigiwa ni ya nani?

Nilimuuliza rafiki yangu mmoja, mwandishi mwenzangu. Akanijibu kwa ukali kidogo: "Acha kujitesa, kaka. Kipaji ni cha mtu. Wangapi wamepewa jukwaa wakaboronga?" Ana hoja. Hakuna ada inayoweza kukuhifadhishia maneno, mimi ni shahidi. Tena kijana wa Alleyn's hajamnyang'anya mtu chochote. Amezaliwa alipozaliwa, kama sisi sote. Kumlaumu kwa hilo ni kumwonea.

Ila nadhani rafiki yangu anachanganya lawama na deni. Mtu anaweza kudaiwa bila kuwa na kosa. Ukirithi nyumba yenye mkopo, hujaiba, lakini mkopo ni wako. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi huwa tunaitumia methali hiyo kumsifu mchezaji. Siku hizi naisikia kwa namna nyingine. Ili utunzwe, lazima kwanza uwe na "kwao", uwanja ambapo watu wanakujua na wanakungoja. Asiye na uwanja anaweza kuwa mchezaji bora kuliko wote na asitupiwe hata sarafu moja, kwa sababu hakuna aliyemwona.

Je, deni hili linalipwaje? Historia ya Alleyn's ina jibu moja ninaloliheshimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwepo pale mwalimu wa Kiingereza, Michael Croft, aliyependa kuandaa Shakespeare na kujaza jukwaa vijana wengi kadiri lilivyoweza kubeba. Alipoacha kazi, wanafunzi wake hawakutaka kuachwa. Mwaka 1956 wakaigiza naye Henry V nje ya shule. Kikundi hicho kikakua na kuwa National Youth Theatre, kikafungua mlango kwa vijana wa shule nyingine, wavulana kwa wasichana. Helen Mirren, ambaye baba yake aliwahi kuendesha teksi, aliigiza Cleopatra na kikundi hicho mwaka 1965. Daniel Craig, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, alipita hukohuko. Leo ukumbi wa maonyesho wa Alleyn's una jina la Croft.

Ninachokipenda kwa Croft ni kwamba hakuwaambia wale vijana waone aibu kwa walichonacho. Alikitoa nje ya geti. Alleyn naye, pamoja na dubu wake wote, alifanya jambo la aina hiyo. Ila zawadi ya Alleyn inatuonya pia: mlango uliofunguliwa kwa ajili ya maskini haubaki wazi wenyewe. Kila kizazi kisipousukuma, unajifunga taratibu, na hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mwenzangu. Siku hizi ni MC wa harusi, na nimeambiwa ukumbi unamsikiliza. Nikamwambia nilichokuwa nafikiria, nikamwomba radhi. Akacheka sana. Halafu akasema, "Shilingi elfu mbili na mia tano." Ndiyo ulikuwa mchango wa mavazi. Mimi nilikuwa nimeshasahau kiasi.

Wiki hiyohiyo nilienda shuleni kwa mpwa wangu, ambaye nao wanaandaa igizo. Nikamuuliza mwalimu kama kuna watoto walioondolewa kwa sababu ya mchango. Akasita, akasema wapo watatu. Nikalipa. Nilipotoka nilitegemea kujisikia mwepesi, haikuwa hivyo. Watoto wale watatu si niliokuwa nawadai wala walionidai. Mwenye deni lake alikuwa mjini, anajiandaa na harusi ya Jumamosi, na lile joho hawezi kuvishwa tena.