Ruhusa ya Kunywa Chai

Nilimmiminia shangazi chai, nikamsogezea mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, nikaketi. Hakugusa kitu. Alitoa simu kwenye mkoba, akaandika ujumbe polepole kwa kidole kimoja, akailaza simu mezani na kukunja mikono. Nilidhani anaomba. Mimi nikamaliza hamri la pili, chai yake ikafanya utando. Kumbe alikuwa anasubiri jibu. Alikuwa amemwandikia mtumishi wa kanisa lake kumwuliza kama leo afungue kinywa au aendelee na mfungo.

Jibu lilichukua nusu saa kufika, nalo lilikuwa neno moja: "Endelea." Akaitia simu mkobani, uso umetulia kama wa mtoto aliyesifiwa.

Huyu ni mwalimu mstaafu, wakati ule ana umri wa miaka 61. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Ni mwanamke aliyewahi kusimama kwenye kikao cha wazazi akamwuliza mwalimu mkuu, mbele ya watu wote, madawati yaliyokwisha kulipiwa yako wapi. Siku ile hakuweza kunywa chai nyumbani kwangu mpaka aruhusiwe na kijana wa miaka 30 na ushei aliyemwita "baba".

Ilikuwa Februari 2023. Aprili ikaja na habari za msitu wa Shakahola.

Niseme mapema kwamba kanisa la shangazi halikuwa la Paul Mackenzie, mchungaji wa waliokufa Shakahola, wala hakuna aliyekufa kwao. Nafikiri hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Tulikaa na shangazi sebuleni tukitazama habari, maiti zikifukuliwa katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi. Hesabu ikapita 100, ikapita 200, na miezi iliyofuata ikapita 400. Dkt. Johansen Oduor, mkuu wa wapasuaji maiti wa serikali, alieleza kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa, kupigwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, aliyakana mashtaka. Shangazi alitikisa kichwa. "Maskini ya Mungu, wale walidanganywa," akasema. "Sisi baba yetu anatupenda."

Tangu siku hiyo nimewasikia watu wengi wakimpima mchungaji wao kwa Mackenzie, na kila mmoja wao anafaulu mtihani huo. Ni mtihani rahisi mno. Kila asiyezika watu msituni anaonekana mwema.

Swali lililoulizwa kila kijiwe wakati ule lilikuwa moja: mzazi anawezaje kumtazama mwanawe akifa njaa? Jibu liko kwenye njia waliyopitishwa. Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi, akaanzisha kanisa lake la Good News International Ministries mwaka 2003. Aliyeingia siku zile hakuambiwa afe. Alisikia mahubiri ya nyakati za mwisho, jambo linalohubiriwa kila mahali. Baadaye akaambiwa shule ni ya shetani, akamtoa mtoto shule. Kisha hospitali. Mwaka 2019, serikali ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, akaambiwa ile ni alama ya mnyama, akakataa kuandikishwa. Mwaka huohuo kanisa lilifungwa, waumini wakahamia Shakahola kwenye viwanja walivyouziwa, na vitongoji vya msituni vikapewa majina kama Yudea, Bethlehemu na Nazareti. Ukishakuwa umemtoa mtoto shule, umeacha kazi, umeuza nyumba na kukosana na ndugu zako wote, kukubali kwamba ulikosea mahali fulani ni kukubali kwamba umepoteza kila kitu bure. Ni nafuu kupanda ngazi inayofuata.

Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Hilo nalipita haraka, maana nikilikalia nitaandika mambo ambayo mhariri atayafuta.

Linaloniandama zaidi ni la Juni. Baadhi ya waliookolewa walikuwa wamewekwa kwenye kituo hapa Mtwapa, na 65 kati yao walikataa kula. Mchungaji yuko korokoroni, hakuna mlinzi wa kuwazuia, uji uko mezani, na bado hawakula. Mimi niliposikia hivyo niliona kikombe cha chai kilichofanya utando. Serikali haikupata la kufanya isipokuwa kuwafikisha mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, wakapelekwa gereza la Shimo la Tewa. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba.

Sasa nirudi kwa shangazi, maana yeye aliingia kwa mlango mzuri.

Mumewe alifariki mwaka 2019. Ndugu tulifika, tukazika, tukala wali, tukatawanyika. Walioosha masufuria walikuwa kina mama wa ushirika ule mdogo uliokuwa ukikutana chini ya mabati jirani na kwake. Walilala naye wiki nzima. Walimletea unga. Mtumishi mwenyewe alikuja kila jioni akakaa kwenye mkeka akamsikiliza akilia. Sisi tulimpigia simu Jumapili. Atakayeniuliza shangazi alinaswa na nini, nitamjibu kwamba alinaswa na upendo ambao sisi hatukumpa, na ambao mwanzoni, naamini, ulikuwa wa kweli.

Yaliyofuata yalikuja kidogokidogo. Kwanza mikesha, mara mbili kwa wiki, kisha mara nne. Mtu asiyelala hana nguvu ya kubishana. Kisha mfungo mkavu. Kisha kuungama, si kwa Mungu kimoyomoyo, bali ana kwa ana mbele ya mtumishi, kila aibu tangu ujana, ili "minyororo ikatwe". Kisha mbegu: kiinua mgongo chake kilipandwa chote, na mimi sijaona kilichoota. Dawa za presha nazo akaziacha, kwa kuwa kuzimeza ni kukosa imani.

Halafu yakaja maneno. Daktari wa akili Mmarekani, Robert Jay Lifton, aliwahoji watu waliotoka kwenye magereza ya China miaka ya 1950, na mwaka 1961 akachapisha kitabu kinachoeleza jinsi mtu anavyobadilishwa fikra. Mojawapo ya alama alizozitaja ni lugha kujazwa uzito mpaka neno moja linazima mjadala mzima. Nilimsoma nikamkumbuka shangazi. Ukimwuliza fedha zimekwenda wapi, hiyo ni "roho ya uasi". Akiona shaka mwenyewe, ni "mwili unasema". Ndugu wakilalamika, ni "maadui wa nyumbani". Mtu aliyezoea kusahihisha insha za watoto akabakiwa na maneno kumi hivi ya kuelezea dunia nzima, na yote kumi yalikuwa yanampa haki mtumishi.

Kule Kanungu, Uganda, walikwenda mbali zaidi. Wafuasi wa kundi la kina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliacha hata kuzungumza, wakawa wanaelewana kwa ishara, wasije wakavunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Dunia iliyotabiriwa kwisha pamoja na mwaka 1999 haikwisha, na baadhi yao wakaanza kudai mali waliyotoa. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea na watu ndani, milango na madirisha yamepigiliwa misumari.

Jirani yangu, ustadhi wa madrasa, aliniambia nisidhani ni ugonjwa wa makanisa peke yake. Kwao pia wapo wanaotoa majini kwa fimbo, na ndugu wa mgonjwa akipinga huambiwa yeye ndiye mchawi.

Sisi nasi tulikosea sana. Binamu yangu alimcheka. Kaka yangu alimwambia amerogwa. Mimi nilimchapishia kurasa kadhaa za hoja, nikazipigia mstari kwa kalamu nyekundu kama ninamsahihisha. Kila tulipomshambulia, tulithibitisha yale aliyokwisha kuambiwa kuhusu sisi. Hakuna hoja yetu hata moja iliyomtoa.

Alitoka kwa sababu ya siri. Jumapili moja mtumishi alikasirishwa na mama mmoja aliyeomba risiti ya mchango wa ujenzi. Ili kuwanyamazisha wote, alisimama madhabahuni akaanza kutaja nani aliwahi kufanya nini. Alipofika kwa shangazi alisema jambo ambalo hata marehemu mumewe hakulijua. Jambo lenyewe siliandiki. Shangazi aliinuka, akachukua mkoba wake, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani juani. Wiki tatu hakumwambia mtu.

Nilidhani kutoka ndiko kupona. Alipohamia kwangu nikaona ninavyojidanganya. Saa tisa usiku, saa ya mkesha, alikuwa anaamka moyo unamwenda mbio, anakaa kitandani mpaka alfajiri. Simu ikilia alikuwa anashtuka. Tukienda sokoni Mtwapa nikimwambia achague embe, anasimama mbele ya fungu kama mtu aliyesahau njia, mpaka mwuzaji anaudhika. Watu aliowapenda kwa miaka minne walikuwa wanavuka barabara wakimwona. Na sala, ambayo ilikuwa kinga yake tangu utoto, ilikuwa imeharibika. Aliniambia akifumba macho anasikia sauti ya yule kijana, si ya kwake. "Hata Mungu ana sauti yake sasa," akasema. Hakulia aliposema hivyo. Ningependa angelia.

Nilimpeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja mtaratibu aliyewahi kuwa muuguzi. Kwanza alihakikisha dawa za presha zimerudi. Kisha akanivuta pembeni akanikataza mambo mawili: nisimwulize shangazi alidanganyikaje, na nisimwamulie kitu hata kama ninaona anahangaika. "Akikuuliza ale nini, usimjibu," akaniambia. "Wewe nawe usigeuke baba yake." La kwanza lilikuwa rahisi. La pili lilinishinda mara nyingi, kwa kuwa mtu anayekusubiri umwambie la kufanya anakupa utamu fulani usioutegemea. Niliuonja, nikamwelewa yule kijana zaidi ya nilivyotaka.

Juzi tulikuwa mezani asubuhi, kikombe mkononi mwake, simu ikalia. Jina kwenye kioo bado ni "Baba". Hajalifuta, nami sijamwambia alifute. Aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, ikanyamaza.

"Nimekosea kutopokea?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa limenijaa kinywani. "Mimi sijui, shangazi," nikamwambia. "Wewe waonaje?"

Akakaa kimya muda mrefu, akiuzungusha utando kwa kijiko.

"Chai imepoa hii," akasema, akainuka kwenda kuipasha.