Kipofu Amekuja

Mwalimu wetu wa Kiswahili shule ya msingi aliandika ubaoni sentensi mbili: "Kikombe kimevunjika" na "Kipofu amekuja." Akauliza: maneno yote mawili yanaanza na ki-, mbona kitenzi cha kwanza kimefuata ki- na cha pili kimekataa? Darasa kimya. Akajibu mwenyewe: "Kwa sababu kipofu ni mtu." Akafuta ubao, tukaingia kwenye hesabu.

Leo ninaandika hadithi barazani kwangu, hapa Bombambili, Songea, na jibu lile bado linanifuata. Hebu yapange maneno haya: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kibogoyo, kichaa, kijakazi, kibarua. Lugha yetu imewaketisha watu hawa ngeli moja na kikombe, kijiko na kiti. Sisemi kwamba ki- ni tusi. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wamo humo humo. Ila mwenye nia ya kudharau anajua pa kushika. Ataacha kusema "mzee huyu amekuja", atasema "kizee hiki kimekuja", na wote waliopo watasikia kwamba mtu ameshushwa. Mtu anaweza kubeba jina la ngeli yoyote asipungukiwe kitu, mradi kitenzi chake kimtambue. Wanasarufi huliita jambo hilo upatanisho, neno lile lile tunalolitumia kwa watu waliokosana wakakalishwa chini.

Nimekuja kuamini kwamba ninachokipenda katika riwaya za watu wasiosimuliwa ni upatanisho huo.

Chukua *Kasri ya Mwinyi Fuad*, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1978. Ndani ya kasri la bwana mmoja wa Unguja kabla ya Mapinduzi kuna mtumishi aitwaye Kijakazi. Jina lake ndiyo kazi yake. Mwandishi mvivu angemfanya mwanamapinduzi tangu ukurasa wa kwanza, ili tumpigie makofi. Shafi hakufanya hivyo. Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa moyo, na msomaji anakereka, anatamani kumshika bega amtikise. Kukereka huko ni heshima. Hatukereki na kiti kwa kukubali kukaliwa. Tunakereka na mtu ambaye angeweza kuamua vingine. Mwaka uliofuata Shafi alitoa *Kuli*, riwaya ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Mafaili ya serikali huhesabu vichwa vya waliogoma. Riwaya humfuata Rashidi hadi nyumbani kwake.

Mji wangu unaijua vizuri tofauti hiyo. Kila tarehe 27 Februari Songea huwakumbuka viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906, katika vita vya Majimaji. Mji wenyewe umepewa jina la nduna Songea Mbano. Miongoni mwa mashujaa wanaotajwa yumo mwanamke, Mkomanile. Ninapolisoma jina lake katikati ya majina ya wanaume, huona kwamba orodha nzima ina kitenzi kimoja tu: walinyongwa. Nacho si chao, ni cha aliyeshika kamba. Je, asubuhi moja kabla ya vita Mkomanile alimgombeza nani? Alicheka nini? Alilala upande gani? Mwanahistoria mwaminifu hana budi kunyamaza hapo, kwa kuwa hana ushahidi. Mtunzi ndipo anapoanzia. Hazibi pengo kwa kudanganya. Anatukumbusha tu kwamba aliyenyongwa alikuwa na vitenzi vyake kabla hajafungwa kitanzi.

Hadi hapo nilidhani falsafa yangu imekamilika. Aliyekuja kuitia ufa ni kijana wa jirani.

Yuko kidato cha tatu, na ana ualbino. Huja jioni jua likishapoa, huku kofia yake pana ikiwa mkononi, kuazima vitabu. Siku hiyo alikuwa amerudisha *Takadini* ya Ben Hanson, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa sekondari nchini wamekisoma. Sekai, mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii isiyowaacha hai watoto wa namna hiyo, naye anatoroka naye mgongoni. Jina alilompa mwanawe ni sentensi nzima ya Kishona, tena ya swali: tumefanya nini? Nikamweleza kijana wangu jinsi jambo hilo linavyonifurahisha: mtoto ambaye wengine wangemwita kitu, mama yake akampa kitenzi kiwe jina.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, shuleni sasa wananiita Takadini."

"Inakuuma?"

"Zamani waliniita dili. Afadhali Takadini. Takadini anapiga mbira, halafu anaoa." Akacheka, nami nikacheka kwa shida, maana neno "dili" kwa watu wa rika langu lina damu ya wenye ualbino waliouawa ili viungo vyao viuzwe. "Ila tukifika kwenye maswali, mwalimu anasema: jadili matatizo ya watu wenye ualbino katika jamii. Darasa zima linanigeukia. Mama, hakuna kitabu ambacho mtu kama mimi amechelewa basi tu?"

Sikuwa na cha kumwazima.

Swali lake lilinifunza kwamba kuna namna mbili za kutoonekana. Ya kwanza ni kutokuwemo kitabuni kabisa. Ya pili ni kuwemo kama mada. Wanafunzi wetu hukariri sifa za wahusika: huyu ni jasiri, yule ni mvumilivu, ana mapenzi ya dhati. Hizo ni lebo za kubandika, na lebo hubandikwa kwenye chupa. Mtu aliyeingizwa hadithini ili atufundishe huruma ni chombo cha somo letu, na chombo, kama ujuavyo, kinarudi kule kule kwenye ngeli ya kikombe. Tunaweza kumlilia mhusika machozi ya kweli na wakati huo huo tukawa tunamtumia. Kasoro haiko kwa Sekai wala kwa mwanawe, maana wao ndani ya kitabu wanaishi. Iko kwetu tunaofunga kitabu tukabaki na tatizo, tukamsahau mpiga mbira.

Wapo watakaoniambia kwamba hata haki ya kuandika habari hizi sina. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii naiogopa, kwa sababu ni ya kweli. Lakini Euphrase Kezilahabi, mwanamume wa Ukerewe, aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, akamfuata msichana katika maumivu ambayo mwandishi mwenyewe hakuwahi kuyalalia, na kwa muda kitabu hicho kilizuiwa shuleni. Nadhani methali inamkataza mgeni kujigamba kwamba anawajua kunguni. Haimkatazi kumuuliza mwenye kitanda, wala haimwondolei wajibu wa kusahihishwa. Niliwahi kuandika aya kuhusu kijana mwenye ualbino "aliyeificha aibu yake chini ya kofia." Nilimwonyesha jirani yangu. Akaisoma kwa karibu sana, kama macho yake yanavyomtaka, akasema, "Mama, kofia ni ya jua." Maneno matano, na aya yangu nzuri ikafa. Aibu ilikuwa yangu. Yeye nilimvisha tu.

Wiki hii nimeanza hadithi nyingine. Kijana anakimbia na begi, basi la Mbinga limeshawasha injini. Kurasa tatu zimekwisha na sijataja ngozi yake. Nisipoitaja, msomaji atamvika ngozi aliyoizoea, na kijana atakuwa ametoweka tena, safari hii kwa mkono wangu. Nikiitaja mwanzoni, basi litaondoka bila mtu kulijali. Macho yote yatabaki kwenye ngozi.

Jana jioni nilimsomea. Akauliza, "Analiwahi hilo basi?"

"Bado sijaamua, mwanangu."

Akafikiri kidogo. "Mwache alikose. Jua likipanda pale stendi, atatafuta kivuli. Hapo msomaji atajua mwenyewe."