Kwao Watoto Wetu ni Wapi?



Kambi yetu ya Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza, ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1994. Waliozaliwa hapa miaka ile ya kwanza, sasa nao ni wazazi. Ukimwuliza mtoto wao, "Kwenu ni wapi?" atakujibu Uvira, Bujumbura au Kigali, mahali asipopaona hata siku moja. Lakini mwaka 2023, ilipoamriwa wakimbizi wa mijini warudi kambini, watoto waliokulia Lilongwe walililia Lilongwe. Na sheria ya Malawi haimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa hapa.

Basi sisi wazazi tufanye nini? Tuwarithishe nchi tuliyoiacha, ama tuwaache wasahau?

Wako wanaosema kumbukumbu ni mzigo, mtoto asibebeshwe. Wengine wanajibu kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Tumtazame Yusufu. Huko Misri alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, maana Mungu alikuwa amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake (Mwanzo 41). Hata hivyo, alipokaribia kufa, aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake isibaki Misri (Mwanzo 50). Uchungu aliuacha, kwao hakukuacha. Na alipojitambulisha kwa ndugu zake hakuficha kwamba walimuuza, ila alitanguliza kusema kwamba yeye ni ndugu yao (Mwanzo 45).

Jambo hilo ni zito kwetu. Jioni tunawasimulia watoto jinsi babu yao alivyouawa. Ni haki kusimulia, maana tukinyamaza ni kama tumemzika marehemu mara ya pili. Lakini tukisema, "Kabila fulani ndilo lililomwua," tumemwachia mtoto deni la kudai. Atamdai nani? Mjukuu wa kabila lile yuko naye hapa, kwenye foleni ya bomba, shuleni, hata katika kwaya. Aliyeua ndiye mwenye hatia. Mjukuu wake hakuwapo. Ezekieli 18 yafundisha vivyo hivyo.

Kwa hiyo, wazazi, tuwarithishe watoto majina ya babu na bibi, lugha ya mama, na jinsi sombe inavyotwangwa na kupikwa. Tuwaambie na ukweli wa vita, tukitaja tendo bila kulaani kabila. Tena wajifunze Chichewa vizuri na kuwaheshimu wenyeji wa Dowa waliotupokea. Manase alizaliwa ugenini, mama yake Mmisri, wala hakuwa ameiona Kanaani. Hata hivyo Yakobo alimhesabu kuwa mwanawe (Mwanzo 48).

Jioni ya leo, kila mzazi amwulize mtoto wake anajua majina mangapi ya ukoo wake. Tuanzie hapo.

Mungu azibariki nyumba zenu.