Kosa la Kunyamaza

Njia ya Butembo kwenda Manguredjipa ni ya udongo. Mvua ikinyesha hugeuka tope. Gari kuukuu linalovutwa kwa magurudumu ya mbele lina viungo vya ekseli, na kila kiungo kimevikwa mfuko wa mpira. Mfuko huo hushika grisi ndani na kuzuia tope nje. Ukipasuka, grisi humwagika, mchanga huingia, chuma husaga chuma, na gari likikata kona husikika mlio wa kugongagonga.

Basi, ndugu msomaji, tuulize: dereva ameuona mpasuko, na gari bado linakwenda. Je, ana kosa? Abiria hawachungulii chini ya gari. Wamemwachia yeye kazi hiyo. Kiungo kikikatika mlimani, injini hunguruma bure, wala gia haizuii gari lisirudi nyuma. Siku mpira ulipopasuka hapakuwa na wa kulaumiwa. Lawama ilianza alipouona akanyamaza.

Atasema, “Sina fedha.” Pengine ni kweli. Lakini kusafisha kiungo mapema, kutia grisi mpya na kufunga mfuko mwingine ni rahisi kuliko kununua kiungo kizima. Na asiye na fedha bado ana ulimi: awaambie abiria ukweli, wachague wenyewe.